Sura Si Nasaba



Pomboo na papa wote wana mapezi, wote wana mkia, na wote huogelea katika Bahari ya Hindi. Mtoto anayewaona kwa mara ya kwanza atasema ni ndugu. Mvuvi hatasema hivyo. Mvuvi anajua kwamba pomboo hupanda juu kuvuta pumzi, na kwamba huzaa na kunyonyesha. Wataalamu wa wanyama huenda mbali zaidi, wakatuambia kwamba kwa nasaba pomboo yuko karibu na kiboko wa mtoni kuliko papa anayeogelea kando yake.

Leo nataka kuzungumzia viumbe wadogo sana ambao wataalamu waliwapanga kwa kutazama mikia yao kwa zaidi ya nusu karne, kisha mwaka 2022 wakaupangua mpango huo kwa mikono yao wenyewe.

Viumbe hao huitwa bakteriofaji. Ni virusi visivyomgusa mtu, wala ng'ombe, wala mhindi shambani. Windo lao ni bakteria peke yake. Wamo baharini, wamo udongoni, wamo katika mitaro ya maji machafu na katika matumbo yetu sote. Idadi yao duniani hukadiriwa kuwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 31. Bakteriofaji hujibandika juu ya bakteria, humdunga chembe zake za urithi, na kwa aina nyingine haipiti hata nusu saa bakteria yule hupasuka na kumwaga virusi vipya mia moja au zaidi.

Nilipoligusia jambo hili siku za nyuma, msikilizaji mmoja aliniandikia akiuliza: kupanga virusi katika koo na milango kunamsaidia nini mtu aliyelazwa kwa kipindupindu? Ni swali la haki, na nitalijibu. Lakini jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, nayo hatuna budi kuianza mwanzo.

Mwaka 1915, mtafiti Mwingereza Frederick Twort, akifanya kazi London, aliona jambo la ajabu katika sahani zake za kuoteshea bakteria. Makundi ya bakteria yaliyokuwa meupe yalianza kuwa maangavu kama kioo, kisha yakafa. Alipochukua kidogo katika kile kioo na kukigusisha kwenye kundi zima, nalo likafa. Aliandika makala fupi, akasema huenda ni kirusi, huenda ni kitu kingine. Ulaya ilikuwa vitani, na makala yake ikasahaulika kwa miaka kadhaa.

Miaka miwili baadaye, yaani 1917, Félix d'Hérelle wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alitangaza jambo hilo hilo. Yeye alikuwa amechunguza kinyesi cha askari waliougua kuhara damu, akaona kwamba mgonjwa anapoelekea kupona, ndani ya kinyesi chake hutokea kitu kinachowaangamiza bakteria wa ugonjwa huo. Ndiye aliyekipa jina la bakteriofaji, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kula.

Hapo ndipo ubishi wa nasaba ulipoanza. D'Hérelle alishikilia kwamba duniani kuna bakteriofaji mmoja tu, mwenye uwezo wa kuzoea mawindo mbalimbali. Jules Bordet wa Ubelgiji, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, alimpinga kabisa. Yeye alisema hakuna kiumbe hapo, bali ni kimeng'enya kinachotoka kwa bakteria wenyewe. Wakubwa wawili wakavutana, na hakuna kati yao aliyekuwa amekiona kitu chenyewe kwa macho. Katika mwaka 1933 Macfarlane Burnet wa Australia alionyesha, kwa kutumia maji ya damu ya wanyama waliochanjwa, kwamba bakteriofaji ni wa aina nyingi zinazotofautiana. Basi ule umoja wa d'Hérelle ukavunjika. Lakini kama ni aina nyingi, nani ndugu wa nani?

Jibu la kwanza lilitokana na macho. Karibu na mwaka 1940, huko Ujerumani, hadubini ya elektroni ilipiga picha za kwanza za bakteriofaji, na muda si mrefu baadaye watafiti wa Marekani wakawaona kwa uwazi zaidi. Wataalamu walistaajabu. Walitegemea kuona vidonge vya duara, wakaona vitu vyenye kichwa na mkia. Mwaka 1959, Sydney Brenner na Robert Horne walieleza njia rahisi ya kuvipaka virusi rangi ya metali nzito ili umbo lake lijitokeze. Tangu hapo maabara nyingi ziliweza kuvipiga picha.

Mwaka 1966, katika mkutano wa wanasayansi wa vijidudu uliofanyika Moscow, iliundwa kamati ya kimataifa ya kuvipa virusi majina na kuvipanga. Mwaka uliofuata, David Bradley alipendekeza makundi sita ya bakteriofaji kwa kufuata umbo lao na aina ya chembe zao za urithi. Wenye mikia aliwagawa mara tatu. Wa kwanza ni wale ambao mkia wao husinyaa kama msuli. Wa pili wana mkia mrefu usiosinyaa, kama mrija. Wa tatu wana mkia mfupi kama kiguu. Baadaye koo hizo tatu zikapewa majina rasmi: Myoviridae, Siphoviridae na Podoviridae. Ukiyarudisha majina hayo katika asili yake ya Kiyunani, ni kama kusema wa msuli, wa mrija na wa mguu.

Mtu aliyeutumikia mpango huo kuliko wengine ni Hans-Wolfgang Ackermann wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, nchini Kanada. Kwa miongo kadhaa aliketi mbele ya hadubini na kuandika hesabu. Katika orodha yake ya mwaka 2007 kulikuwa na bakteriofaji zaidi ya 5500 waliokwisha kupigwa picha na watafiti duniani, na katika kila 100 kati yao 96 walikuwa na mkia.

Napenda tusiwacheke watu hawa. Mwenye duka huanza kwa kupanga mafuta upande huu na sabuni upande ule, bila kujua kiwanda kilichotengeneza. Mpango wao ulisaidia maabara ya Moscow kuelewana na maabara ya Quebec. Waliutumia ushahidi waliokuwa nao. Ila ushahidi wenyewe ulikuwa wa sura tu, na sura, kama tulivyoona kwa pomboo, huweza kumdanganya hata mtu makini.

Ushahidi wa namna nyingine ulikuwa njiani. Kila kiumbe hubeba maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zikifuatana kwa mpangilio maalumu. Maagizo hayo yote kwa pamoja huitwa jenomu. Walioweza kwanza kusoma jenomu nzima walianza na bakteriofaji, kwa sababu vitabu vyao ni vifupi. Mwaka 1976, Walter Fiers na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walimaliza kumsoma bakteriofaji aitwaye MS2. Alikuwa na herufi 3569. Hii ndiyo jenomu kamili ya kwanza kusomwa na binadamu. Maneno ninayowasomea leo yana herufi nyingi kuliko hizo, na bado kitabu hicho kifupi kinatosha kumwangamiza bakteria.

Mwaka 1977, Frederick Sanger na wenzake wa Cambridge walimsoma mwingine, phiX174, ambaye jenomu yake ni ya DNA na ina herufi 5386. Waligundua kwamba sehemu nyingine za maandishi yake husomwa mara mbili, agizo moja likiwa ndani ya agizo jingine. Mwaka 1982, kundi la Sanger lilitoa jenomu ya bakteriofaji lambda, herufi 48,502. Sanger huyu ni miongoni mwa watu wachache waliopata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1980.

Kadiri vitabu vilivyosomwa, ndivyo koo za mikia zilivyoanza kutikisika. Mfano mmoja unatosha. Lambda ana mkia mrefu, basi aliwekwa katika ukoo wa mrija. Bakteriofaji P22, anayewinda bakteria wa salmonela, ana mkia mfupi, basi aliwekwa katika ukoo wa mguu. Kwa hati rasmi hawa walikuwa watu baki. Lakini maabara zilikwisha kuona kwamba wawili hawa huweza kubadilishana vipande vya urithi na kuzaa machotara. Jenomu ya P22 ilipotolewa kamili mwaka 2000, ikathibitika kwamba mpangilio wake unafanana sana na ule wa lambda. Waliokuwa ndugu walitenganishwa kwa sababu ya urefu wa mkia. Na kwa upande mwingine, wengi waliolazwa kitanda kimoja katika ukoo wa mrija hawakuwa na chochote cha kuwaunganisha isipokuwa huo mrija.

Basi mtu angesema, kazi imekwisha, tusome jenomu na tupange upya. Haikuwa rahisi hivyo. Kwa wanyama, mimea na bakteria, kuna chembe za urithi ambazo kila mmoja anazo, na kwa kuzilinganisha unaweza kuchora mti mmoja wa nasaba. Bakteriofaji hawana hata chembe moja ya urithi iliyo kwao wote. Mwaka 2002, Forest Rohwer na Robert Edwards walizilinganisha jenomu 105 zilizokuwa zimesomwa, na iliwabidi kupima mfanano wa protini zote kwa jumla ili kupata mti wa kuaminika.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Bakteriofaji wawili wakikutana ndani ya bakteria mmoja, huweza kubadilishana vipande. Kichwa kikafanana na cha huyu, mkia ukafanana na wa yule, na silaha ya kupasulia ukuta wa bakteria ikatoka kwa wa tatu. Jenomu inakuwa kama shuka la viraka. Mtu wa Pangani anaweza kuwa na babu aliyetoka Hadhramaut, bibi Mngazija na mama Mzigua. Ukimuuliza wewe wa nani, atakujibu kwa kuchagua upande mmoja, na jibu lake litakuwa kweli lakini si kweli yote. Watafiti watatu wa Pittsburgh, Marekani, yaani Jeffrey Lawrence, Graham Hatfull na Roger Hendrix, waliandika mwaka huo huo wa 2002 kwamba mpango wa kufuata sura unaficha mchanganyiko huo na unapaswa kufikiriwa upya.

Kisha likatokea jambo ambalo d'Hérelle asingeliota. Mwaka 2014, watafiti walikuwa wakipitia kwa kompyuta vipande vya DNA vilivyotoka katika kinyesi cha binadamu. Kompyuta iliviunganisha vipande hivyo ikatoa jenomu nzima ya herufi zipatazo 97,000, ya bakteriofaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Walipomtafuta katika kumbukumbu za maabara nyingine walimkuta katika matumbo ya watu wengi mno. Alipewa jina la programu ya kompyuta iliyomfichua, crAssphage. Ilichukua hadi mwaka 2018 ndipo watafiti wa Cork, nchini Ireland, walipofaulu kumwotesha jamaa yake mmoja katika maabara. Kwa muda wa miaka minne alijulikana kwa kitabu chake tu, bila sura.

Sasa utamwandika vipi katika daftari la koo za mikia kiumbe usiyejua mkia wake? Mwaka 2017 wataalamu walikubaliana hadharani kwamba kirusi kinachojulikana kwa jenomu peke yake kinaweza kupewa nafasi rasmi. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi ilizifuta koo tatu za mikia. Wenye mikia wote sasa wamo katika tabaka moja kubwa, Caudoviricetes, na ndani yake koo mpya zinaundwa kwa kulinganisha jenomu. Kanuni inayotumika ni kwamba wawili wanaolingana kwa asilimia 95 au zaidi ya herufi zao ni spishi moja, na wanaolingana kwa asilimia 70 hivi ni wa jenasi moja. Maneno ya msuli, mrija na mguu yamebaki kama maelezo ya umbo, kama tunavyosema mtu mrefu au mfupi. Urefu si ukoo.

Sasa nirudi kwa yule msikilizaji na mgonjwa wake wa kipindupindu.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliivamia Zanzibar, na tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, akaandika kitabu kizima juu ya magonjwa hayo katika Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Christie alifuatilia njia za misafara na majahazi yaliyoupeleka ugonjwa huku na huko. Hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa ndani ya maji yale. Mwaka 1996, zaidi ya karne moja baadaye, Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha jambo la kushangaza: ile sumu inayomkausha mgonjwa maji mwilini haikuandikwa katika urithi wa asili wa bakteria wa kipindupindu. Imeletwa na bakteriofaji. Kirusi hicho, CTX, huingia ndani ya bakteria, hujishona katika jenomu yake na kukaa kimya humo, kikiwa kimebeba maagizo ya kutengeneza sumu. Bakteria asiye na mgeni huyo hana ile sumu kuu.

Na kwa sura CTX ni kitu gani? Ni uzi mwembamba usio na mkia wala kichwa. Kwa hadubini anafanana na M13, bakteriofaji mwingine wa umbo la uzi ambaye maabara za dunia zimemtumia kwa miaka mingi bila madhara. Sura zao ni za uzi, lakini mmoja ni kibarua wa maabara na mwingine amebeba sumu iliyojaza makaburi. Anayewatofautisha ni msomaji wa jenomu.

Faida nyingine ni tiba. D'Hérelle aliwatibu wagonjwa wa kuhara kwa bakteriofaji tangu mwaka 1919, na huko Tbilisi, Georgia, taasisi iliyoasisiwa na rafiki yake George Eliava imeendelea na kazi hiyo hadi leo, ingawa Eliava mwenyewe aliuawa na utawala wa Stalin mwaka 1937. Nchi za Magharibi ziliiacha tiba hii baada ya viuavijasumu kupatikana. Sasa viuavijasumu vyenyewe vinachoka. Imekadiriwa kwamba katika mwaka 2019 peke yake, bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Mwaka 2018, mjini London, msichana wa miaka 15 aliyekuwa amepandikizwa mapafu alishambuliwa na bakteria aliyeshinda kila dawa. Hatfull na wenzake wa Pittsburgh walipekua hazina yao ya bakteriofaji wakapata watatu. Mmoja wao, aitwaye Muddy, alikuwa ametoka katika bilinganya lililooza huko Durban, Afrika Kusini. Wawili waliobaki walikuwa na tabia ya kujificha ndani ya bakteria badala ya kumuua. Kwa kuwa jenomu zao zilikuwa zimesomwa, watafiti walijua ni chembe zipi za urithi zinazohusika na kujificha huko, wakaziondoa. Mgonjwa alipata nafuu kubwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2019. Laiti wangemdunga kirusi kwa kuangalia mkia wake tu, wangekuwa wanacheza bahati nasibu na roho ya mtu.

Hilo ndilo jibu langu. Daftari la nasaba ndilo linalomwambia daktari nani ni askari, nani ni mpelelezi aliyejificha, na nani amebeba sumu mfukoni.

Nina neno moja la mwisho. Bilinganya la Durban lilikuwa la Afrika, lakini hazina lilimowekwa iko Pittsburgh. Hata hivyo si kwamba sisi tumelala. Mwaka 2019 zilichapishwa jenomu za bakteriofaji wanane kutoka Ziwa Elmenteita, Kenya, ziwa la magadi ambalo wengi wetu tunalijua kwa heroe wake tu, na mtafiti kutoka Kenya alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Nami nauliza: mitaro ya Dar es Salaam, Mombasa na Kisumu, ambako kipindupindu hurudi kila mara, ina bakteriofaji wangapi wanaomla bakteria huyo, na nani anawaandika? Mashine za kusoma jenomu zimepungua bei na ukubwa. Nyingine leo hutosha mkononi. Vyuo vyetu vina vijana. Maji machafu, kwa bahati mbaya, tunayo ya kutosha. Asiyeandika nasaba yake huandikiwa na jirani, na jirani huandika anavyojua yeye.

Hadi juma lijalo, kwaherini.